Lori la Gitobu Halibebi Maji

Kanana alikuwa akipepeta maharagwe nje ya jikoni aliposikia hodi langoni. Aliyeingia alikuwa Veronicah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa. Alikuwa na tabasamu la mtu anayekuja kuomba kitu.

"Muga, Mama Munene!"

"Muga muno. Karibu uketi."

Veronicah hakuketi. Alielekeza kidole kwenye lori la kijani lililoegeshwa kando ya migomba. Nyuma ya lori kulikuwa na tangi kubwa la chuma na mpira mnene uliokunjwa.

"Nimekuja juu ya hilo lori," alisema. "Jumamosi wakwe wa Gatwiri wangu wanakuja na mahari. Na mifereji imekauka kabisa. Mama mkwe wako ameniambia nyinyi hubeba maji. Mniletee tangi moja tu, ya kupikia."

Kanana aliacha kupepeta. Tangi lile halikuwa limebeba tone la maji safi tangu siku liliponunuliwa. Lilikuwa lori la kunyonya vyoo. Alifikiria wali wa wakwe ukipikwa kwa kilichokuwa ndani yake, akaweka ungo chini.

"Mama Gatwiri," alianza, "hilo lori si la..."

"Pampu imeharibika!" sauti ilisema mlangoni. Alikuwa mumewe, Gitobu, akiwa na kikombe cha chai mkononi. "Pole sana, mama. Pampu imekataa kabisa. Ningekuletea, lakini itakataa."

Veronicah alisikitika. Akasema ataiombea hiyo pampu, akaenda zake.

Kanana alingoja lango lifungwe.

"Pampu imeharibika lini?"

"Ningesema nini?"

"Ukweli! Sema hili lori linabeba choo. Ni maneno mawili tu."

"Huyo ni mwenyekiti wa akina mama. Na mimi ni mzee wa kanisa. Unataka nikisimama mbele kusoma matangazo, watu washike pua?"

Mama yake Gitobu, mzee Kaari, alikuwa ameketi juani akinywa uji wake. Alitazama kando kama mtu asiyesikia.

"Cucu," Kanana alimwambia bibi huyo, "kwa nini umemwambia Veronicah tunabeba maji?"

"Ni maji," Kaari alijibu. "Si nilisema ni maji tu? Sikusema ni ya kunywa."

Kanana alirudi kwenye maharagwe yake. Aliyapepeta kwa nguvu mpaka mengine yakaruka nje ya ungo. Watu wawili wazima, na wote hawawezi kutaja kazi inayowalisha!

Na kazi yenyewe ilikuwa nzuri. Gitobu alikuwa ameendesha malori ya watu wengine kwa miaka mingi, kati ya Meru, Isiolo na Moyale. Alikuwa akikaa safarini hata mwezi mzima. Wakati mmoja alirudi nyumbani, akamwinua mtoto wao Munene, na mtoto akalia kwa kumwogopa. Hakumjua baba yake. Siku ile Kanana alilia pia, na wakaamua kuweka akiba wanunue lori lao. Waliona kwamba nyumba nyingi za Meru hazijaunganishwa na mabomba ya maji taka. Kila nyumba ina shimo, na kila shimo hujaa. Kazi hiyo haiwezi kuisha.

Lakini Gitobu aliionea kazi yake haya. Akipigiwa simu na mtu wa pale Kaaga, mtaani kwao, alisema yuko mbali. Akiitwa Embu, ambako hakuna aliyemjua, alienda mbio. Mafuta ya lori yakaishia njiani. Jioni ya safari kama hiyo Kanana alihesabu mapato na kuona yamenywewa na injini.

Ndipo Kanana alipofikiria zabuni za serikali. Kaunti inahitaji watu wa kunyonya vyoo vya masoko na zahanati. Shule za umma zinahitaji pia. Ukipata kazi kama hiyo, una uhakika wa mwaka mzima, tena karibu na nyumbani. Kwa hiyo alijifunza kutumia mtandao wa zabuni za serikali kwa simu yake. Aliisajili humo biashara yao, ambayo kwenye cheti iliitwa Gitobu na Wana, Wasafirishaji. Hao wana walikuwa Munene peke yake, na mke aliyefanya kazi yote ya hesabu hakutajwa. Hilo nalo lilimkera, lakini alilinyamazia.

Tangu hapo simu yake haikukosa ujumbe. Zabuni ya kubeba kokoto. Zabuni ya kubeba mbolea. Zabuni ya kuhamisha meza za ofisi. Kuhusu vyoo, hakuna. Aliposikia redioni kwamba kaunti inatafuta watu wa vyoo vya masoko, aliitafuta zabuni hiyo mwenyewe na kujaza maombi. Jibu likaja: mwombaji hajasajiliwa katika kundi la kazi hii. Akajaribu ya shule moja ya bweni. Jibu lilikuwa lile lile.

"Nilikwambia," Gitobu alisema. "Tenda ziko na wenyewe. Kama hujui mtu ndani, wewe unapoteza bando tu."

"Wamesema hatujasajiliwa kwa kundi. Hawajasema hatujui mtu."

"Hiyo ni lugha ya ofisi. Maana yake ni hiyo hiyo."

Kisha akasema neno ambalo Kanana aliliogopa. Mtu mmoja wa Embu alikuwa ameulizia bei ya lori. Na tajiri wake wa zamani alikuwa anatafuta dereva wa kwenda Moyale.

"Shule zikifungwa kabla hatujapata kazi ya kueleweka, ninauza," Gitobu alisema. "Nitarudi barabarani. Nitafanya nini?"

Kanana alijua mumewe hatanii. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe hataki tena kulea mtoto peke yake na kulala akisikiliza simu. Hilo hakulitaka hata kidogo.

Siku chache baadaye simu ililia wakiwa wote nyumbani. Alikuwa Barwaqo, ambaye watu wa mjini walimwita Mama Sakariye. Alikuwa na duka la magodoro na mablanketi mjini Meru, na nyumba za kupangisha nyuma ya duka. Shimo la nyumba zake lilikuwa limejaa.

Gitobu alitikisa kichwa na kupunga mikono. Duka lile lilikuwa karibu sana na kanisa.

"Tunakuja sasa hivi," Kanana alisema kwenye simu. Akachukua leso yake na kwenda kuketi ndani ya lori. Gitobu aliona kwamba asipoendesha, mkewe atajaribu kuliendesha mwenyewe. Akapanda.

Walipofika, Gitobu aliingiza lori uani na kufunga lango mara moja. Kanana alibaki dukani. Barwaqo alimpa kiti na kumimina chai ya maziwa yenye viungo.

"Mbona mzee wako anajificha kama mwizi?" Barwaqo aliuliza. "Mimi nimemwita na pesa yangu."

Basi Kanana alifunguka. Alieleza yote: haya ya mumewe, kokoto, mbolea, majibu ya kukataliwa, na lori ambalo karibu litauzwa. Alizungumza mpaka chai ikapoa.

Barwaqo alikuwa amewahi kupata zabuni ya kupeleka mablanketi hospitalini. Alisikiliza kwa makini. Kisha akauliza swali moja tu.

"Kwa cheti chenu cha biashara, kazi yenu imeandikwa nini?"

"Usafirishaji."

"Usafirishaji wa nini?"

"Wa mizigo. Kwa barabara. Siku ile ya kutafuta cheti, tukiwa saiba, pale kwa duka la mtandao, kijana wa kompyuta aliuliza biashara ni ya nini. Nyuma yetu kulikuwa na watu wa kanisa. Baba Munene akasema, 'Andika transport.' Na kweli, si tunabeba kwa lori?"

Barwaqo aliweka kikombe chini.

"Wallahi, Mama Munene! Daktari akienda hospitali na gari, yeye ni dereva?"

"Hapana."

"Na fundi wa stima akija na pikipiki, ni mtu wa bodaboda?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu... hatumlipi kwa ajili ya pikipiki. Tunamlipa atengeneze stima, taa ziwake."

"Haya. Na mimi leo nawalipa nini? Kutembeza lori?"

Kanana alitaka kucheka na kulia pamoja.

Barwaqo alisimama akaelekeza mkono kwenye rafu zake. "Angalia hapa. Mablanketi iko hapa. Mashuka iko pale. Mito iko juu. Mteja akitaka shuka, nampeleka rafu ya shuka. Sipelekangi yeye kwa mito. Sasa serikali pia imepanga kazi zote za watu kwa rafu, na kila rafu iko na namba. Kulima iko na namba yake. Kushona, namba yake. Kujenga, yake. Ofisi ikitaka mtu wa kazi fulani, kompyuta inaangalia rafu hiyo peke yake. Inaita wale iliwakuta hapo."

"Na sisi tuko rafu gani?"

"Kubeba mizigo kwa barabara inaanza na arobaini na tisa. Huko ndiko mko, na watu wa kokoto. Kazi ya maji taka inaanza na thelathini na saba. Kunyonya mashimo ya vyoo iko ndani ya hiyo. Nyinyi mmekaa rafu ya mito, mnangoja mtu wa kununua shuka!"

"Kwa hivyo hawakutuonea?"

"Nani awaonee? Hawajui kama mko."

Kanana alishika kichwa. Muda wote ule alikuwa akisoma habari za kokoto mpaka macho yakamuuma, kumbe kosa lilikuwa mdomoni mwa mumewe. Alikasirika sana. Hata hivyo alipumua kidogo, kwa sababu kosa la mdomo hurekebishwa kwa mdomo.

"Inabadilishwa?" aliuliza.

"Inabadilishwa. Lakini kila mahali. Cheti cha jina la biashara, karatasi ya kodi ya KRA, kibali cha kaunti, na huko kwa mtandao wa tenda. Zote ziseme kitu moja. Moja ikisema mizigo na nyingine iseme maji taka, wataona kama mnadanganya. Na leseni ya NEMA ya kubeba uchafu muwe nayo."

"Hiyo tunayo. Na mtu wa afya ya kaunti ametukagua."

"Basi iliyobaki ni huyo mzee wako kufungua mdomo. Mficha uchi hazai, mama."

Njiani kurudi nyumbani, Kanana alimweleza Gitobu kila kitu. Alimwuliza na swali la daktari. Gitobu alipunguza mwendo walipokaribia nyumba.

"Sawa," alisema mwishowe. "Niachie mimi. Kesho nitaenda saiba nibadilishe."

Nyumbani, Kaari alipopata habari aliweka mkono kifuani. "Cheti kitundikwe ukutani kwangu kikisema mavi?"

"Cucu, hakitasema hivyo. Kitasema maji taka."

"Wageni watauliza taka gani."

"Wakiuliza, utawaambia ulivyomwambia Veronicah. Kwamba ni maji."

Kaari alinuna mpaka jioni.

Kesho yake Gitobu alienda saiba peke yake. Alirudi akipiga mluzi, akamkabidhi Kanana karatasi. "Bado sijatuma," alisema. "Nimetaka uone kwanza. Nimetengeneza vizuri sana."

Kanana alisoma. Kubeba mizigo. Kuuza vitabu na kalamu. Kuuza miche ya kahawa. Kupamba maharusi. Kupika chakula cha hafla. Mwisho kabisa, chini, kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango: maji taka.

Aliisoma tena ili ahakikishe hajakosea. Hakuwa amekosea.

"Baba Munene."

"Eeh?"

"Umeandika tunapika chakula cha hafla."

"Ndiyo. Kijana wa saiba amesema ukiweka nyingi, unaitwa na nyingi. Na hiyo ingine haionekani sana."

"Tunapika chakula. Halafu tunanyonya choo. Kwa cheti kimoja."

Gitobu alikuna shingo. "Si ni siku tofauti?"

"Nani atakula hicho chakula?" Kanana alipaza sauti mpaka kuku wakakimbia. "Wewe mwenyewe utakula? Na miche ya kahawa tumetoa wapi? Umewahi kupamba harusi gani wewe? Hata ya kwetu ulikuja na viatu vya matope!"

Alimpigia Barwaqo simu hapo hapo na kuweka sauti ya juu ili Gitobu asikie.

Barwaqo alicheka kwanza, akacheka sana. Kisha akasema, "Mzee, nisikilize. Kila rafu unajiweka, wataomba ushahidi. Ukisema unapika, wataomba cheti cha afya cha mpishi. Ukisema unauza miche, wataomba kibali cha kitalu. Utaleta?"

"Hapana," Gitobu alisema.

"Utaonekana mtu anadanganya kwa zote, hata ile moja unajua. Andika kazi ile inakulisha, iwe ya kwanza. Kama iko ingine unafanya kweli kweli, ongeza hiyo. Basi. Mtaka yote hukosa yote. Na usiandikiwe na kijana wa saiba. Yeye hajui kazi yako. Nendeni kituo cha huduma mueleze nyinyi wenyewe."

Gitobu alikubali, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Asubuhi iliyofuata walikuwa kwenye kituo cha huduma mjini. Foleni ilikuwa ndefu. Wengine walifuata vitambulisho, wengine vyeti vya kuzaliwa. Gitobu alivuta kofia ikamfunika nyusi. Walipokaribia dirisha, Kanana alisikia sauti aliyoijua nyuma yao.

"Muga, wazee! Hata nyinyi mko hapa?"

Alikuwa Veronicah. Kanana alihisi mkono wa mumewe ukimshika kiwiko.

"Turudi kesho," Gitobu alinong'ona.

"Haturudi kesho."

"Mama Munene, tafadhali."

"Ukitoka hii foleni, uende moja kwa moja Moyale. Usipitie nyumbani."

Wakafika dirishani. Karani alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani, na kibao mbele yake kilisema jina lake ni Stephen. Alichukua cheti chao na kufungua kompyuta.

"Mnataka kubadilisha aina ya biashara. Sawa. Biashara yenu inafanya nini hasa?"

Gitobu alikohoa. "Usafi," alisema kwa sauti ya chini.

"Usafi wa nini? Wa nyumba ni namba nyingine. Wa nguo ni nyingine. Kufagia barabara ni nyingine."

"Wa mazingira."

"Mnapanda miti?"

"Hapana. Ni... mambo ya maji."

"Mnasambaza maji? Hiyo ni thelathini na sita."

"Si hayo maji."

Stephen alivua miwani. "Mzee, nisaidie nikusaidie. Nikiandika namba isiyo yako, utarudi hapa tena. Mteja akikuita, ukishafika kwake, unamfanyia nini?"

Kanana alikuwa na jibu ulimini. Lilimwasha. Angeweza kulisema na mambo yakaisha. Lakini jina kwenye cheti lilikuwa la Gitobu. Na kama angemsemea leo, kesho simu ikilia mumewe angesema tena yuko mbali. Akauma mdomo akatazama ukuta. Kwa hasira yote aliyokuwa nayo, alimwonea huruma pia. Aliona jasho likimshuka shingoni.

Gitobu alivua kofia.

"Tunanyonya vyoo," alisema.

Stephen alitega sikio. "Umesema?"

"Tunanyonya vyoo!" Gitobu alisema kwa sauti kubwa, pengine kubwa kuliko alivyokusudia. "Shimo likijaa, tunakuja na lori, tunanyonya, tunapeleka mahali kaunti imeturuhusu kumwaga. Tuko na leseni. Hiyo ndiyo kazi yetu."

Foleni nzima iligeuka. Mtoto mmoja alicheka, akanyamazishwa na mama yake. Gitobu alisimama tu, akiitazama kofia yake.

Veronicah ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe! Na mimi niliomba mniletee maji ya wakwe?"

"Ndiyo, mama," Gitobu alijibu.

"Na ile pampu niliombea?"

"Haikuwa imeharibika, mama. Nisamehe."

Veronicah aliweka mkono mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika. Kanana alidhani amekasirika, kumbe alikuwa akicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Bwana asifiwe kwa hiyo pampu!" alisema akijifuta macho. Kisha akageuka akawa mkali. "Lakini wewe mzee, uko sawa kweli? Choo cha kanisa kinajaa kila mara tangu Pasaka. Tunaitisha lori kutoka Embu. Tunalipia mafuta ya kuja na ya kurudi. Na wewe uko hapo kwa benchi ya mbele, umenyamaza?"

"Embu?" Kanana aliuliza.

"Embu! Hakuna mtu wa hapa tulijua."

Kanana alimgeukia mumewe polepole. Lori la Embu lilikuwa likija Kaaga, na lori la Kaaga likienda Embu. Huenda madereva walipungiana mikono njiani.

Mwanamume mmoja wa nyuma aliinua mkono. "Mzee, namba yako ya simu ni gani? Hata kwangu kumejaa."

Stephen alirudisha miwani machoni na kuandika. "Maji taka. Thelathini na saba," alisema. "Ndiyo kazi kuu. Kuna nyingine mnafanya?"

"Hakuna," Gitobu na Kanana walisema pamoja.

Mambo hayakuisha siku ile. Cheti kipya kilipotoka, Kanana alienda kubadilisha taarifa za kodi. Kisha akaenda ofisi ya kaunti kuhusu kibali. Kisha akaingia kwenye mtandao wa zabuni na kuhakikisha namba ni ile ile. Mahali pamoja mtandao ulikataa, akarudi kesho. Kwingine picha ya cheti ilikuwa na giza, akaombwa nyingine. Alinung'unika, akafanya. Na kabla cheti hicho hakijatoka, alipopata nafasi ya kubadilisha jina, alikuwa ametoa neno Wasafirishaji na kuongeza jingine bila kumwuliza mtu. Biashara sasa iliitwa Gitobu, Mke na Wana.

Habari za kokoto zilikoma. Ujumbe wa kwanza wa kazi ya vyoo ulipoingia, Kanana aliuonyesha kila mtu nyumbani, hata Kaari. Walituma maombi. Walikosa, kwa sababu bei yao ilikuwa juu.

"Unaona?" Gitobu alianza. "Nilikwambia tenda ziko na..."

"Ngoja," Kanana alisema. "Safari hii wametuambia bei. Wametuona. Namba ni mlango tu, Baba Munene. Ukishaingia, unashindana na wenzako kwa bei na kazi safi."

Barwaqo aliwafundisha kupiga hesabu vizuri zaidi. Bila safari za Embu, gharama ya mafuta ilikuwa imepungua sana, kwa hiyo waliweza kuteremsha bei bila kupata hasara. Wiki ya mwisho kabla shule kufungwa, jibu lilikuja. Kaunti iliwapa vyoo vya masoko matatu na zahanati mbili kwa mwaka mzima. Masoko yote yalikuwa karibu. Gitobu angeondoka asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana nyumbani.

Kanana alisoma jibu lile amesimama, kisha akaketi kitandani akalia kidogo. Gitobu alimpigia mtu wa Embu akamwambia lori haliuzwi.

Jumapili moja walikuwa mezani. Kulikuwa na githeri ya mahindi na maharagwe, yenye viazi na mboga. Kaari alikuwepo, Munene alikuwepo, na Veronicah alikuwa amealikwa pamoja na binti yake Gatwiri. Kanana alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupakua. Simu ya Gitobu ikalia.

Gitobu aliipokea pale pale.

"Ndiyo, ni mimi! Ndiyo, sisi ndio tunanyonya vyoo. Shimo lako lina kina gani? Ni laini ama imegandamana? Eeh, kama imegandamana tunamwaga maji kwanza, tunakoroga mpaka..."

Gatwiri aliweka kijiko chini. Veronicah alifunga macho. Kaari alisukuma sahani yake katikati ya meza.

"Baba Munene!" Kanana alisema. "Tunakula!"

Gitobu alimpa ishara ya mkono asubiri. "Hapana, harufu si shida, tunafunga mpira vizuri. Ile ya juu huwa nyepesi, lakini ya chini..."

"Nje!" Kanana alisimama akamwelekeza mlangoni. "Toka nje na hiyo simu! Nje!"

Gitobu alitoka na simu sikioni na sahani mkononi, akiendelea kueleza. Kupitia dirishani walimsikia akitembea uani huku na huku. Alizungumza kwa sauti ambayo majirani wote wangeisikia.

Kanana alishusha pumzi. Mwaka mzima alimwomba mtu huyu aiseme kazi yake. Sasa nani atamnyamazisha?

Akaketi, akashika kijiko. Kisha akageukia dirishani na kupaza sauti.

"Na umwambie tuko na leseni!"